Lifti ya Kwenda Kibwezi

Mto wa Kwa Mbevo hauna maji ya kuonekana. Mgeni akiusimamia ataona mchanga mtupu, aulize watu hapa wanakunywa nini. Mwenyeji atapiga magoti, afukue kidogo, na maji yatachungulia kama mtoto mwenye haya. Zamani mchanga ule ulizidi kiasi. Punda wa mzee Mbaluka alizama Jumatatu saa nne asubuhi asionekane tena mpaka Alhamisi, alipoibukia ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, amenenepa na hataki kurudi. Anayebisha akamuulize punda.

Siku hizi hata kuku hazami. Malori ya Kampuni yameukwangua mto mpaka mwamba unatoa meno. Nzilani, mwenyekiti wa kikundi cha maji, ambaye zamani alichota akiwa amepiga magoti, sasa huinamia shimo mpaka kiuno kipotee, rafiki yake Nduku akiwa amemshika miguu. "Ukikohoa tu, Nduku, mimi nimekwenda kwa babu zangu," humwambia. Na Nduku hujibu, "Basi wasalimie, uwaulize kama huko kuna maji."

Kampuni ilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini kijijini iliitwa Kampuni tu, kama vile mvua huitwa mvua. Kila uchaguzi ilichagua mgombea wake, ikamvisha, ikamjazia mafuta, ikamchapia mabango, na siku ya kura malori yake yakawabeba watu bure mpaka kituoni. Mgombea huyo akishinda, leseni ya mchanga ilipita kama uji kooni.

Ila mara iliyopita kiti cha bunge la kaunti alikitwaa Muli, kwa kura kumi na tisa, akifanya kampeni kwa baiskeli isiyo na breki. Na Muli akatunga mswada.

"Sheria za uchaguzi ni za serikali kuu," aliwaeleza wanawake chini ya paa la kanisa. "Kaunti haiwezi kuzigusa. Lakini leseni ya mchanga tunaitoa sisi. Na anayetoa leseni ndiye anayesema leseni inaruhusu nini. Tutaandika: kuchota, kupakia, kuuza. Basi. Kumchangia mwanasiasa hakumo. Akichangia, leseni imekufa."

"Ni kama kumfunga ng'ombe kamba," Nduku akasema. "Hukumkataza kula. Umemwonyesha tu kamba inaishia wapi."

"Ndivyo, mwaitu, mama yangu."

Nzilani akainua mkono. "Mheshimiwa, kwenye michango umeandika pesa na chakula. Na yale malori ya siku ya kura? Andika na usafiri. Hawa watu ukiwafungia mlango wanaingilia dirishani. Na usiseme wagombea peke yao. Sema jambo lolote la siasa lililo mbele ya wananchi."

Watu wakapiga makofi. Muli akaandika neno kwa neno, na hicho kikawa kifungu cha sita.

Kikao cha maoni ya umma kikapangwa Kibwezi, Jumanne, kimoja tu. Muli hakuwaficha. Kamati ya bunge la kaunti ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu. Wajumbe wakiona watu wamejaa, mswada utapita. Wasipowaona, utazikwa palepale, na leseni mpya ya miaka mitano itatiwa sahihi kabla ya uchaguzi wa mwaka ujao. Nzilani alikwenda nyumbani akiwaza miaka mitano. Mto wenyewe, kwa jicho lake, haukuwa umebakiza hata mwaka.

Jumanne alfajiri wanawake arobaini na mmoja walikuwa njia panda, wamevaa sare za kanisa, kila mmoja na hotuba yake kichwani. Walikuwa wamekodi basi. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, kisha dereva wa basi akapiga simu: gia zimekwama mjini Mtito. Kutoka Kwa Mbevo hadi Kibwezi ni kilomita arobaini, na kikao kilikuwa saa nne.

Ndipo lori la Hersi likatokea mtoni, limejaa mchanga.

Hersi alikuwa Msomali wa Garissa ambaye miaka kumi na moja ya barabara ile ilikuwa imemfanya aongee Kikamba kama aliyenyweshwa utotoni. Lori lilikuwa lake mwenyewe, kwa mkataba na Kampuni. Hakuna mgonjwa wa Kwa Mbevo aliyefika hospitali kwa njia nyingine. Watoto watatu walikuwa wamezaliwa humo, na mmoja wao mpaka leo anaitwa Tani.

"Wakya, mama," alimsalimia Nzilani. "Kibwezi?"

"Aa," Nzilani akaitikia salamu. "Kibwezi, Hersi. Tumechelewa."

"Pandeni. Hiyo nauli kaeni nayo, mtakunywa chai."

Wakapanda. Hakuna aliyefikiri mara mbili, kwa sababu lifti ya Hersi haikuwa kitu cha kufikiriwa. Ilikuwepo tu, kama kivuli cha nyumba. Wakaketi juu ya mchanga wa mto wao, wakaimba mpaka Kibwezi.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliwatazama akatabasamu, na Nzilani akaona wajumbe wawili wakinong'onezana na kutikisa vichwa kwa kukubali. Alipopewa nafasi alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema maishani. Alieleza shimo, na kiuno, na Nduku kumshika miguu. Watu walicheka, kisha wakainama mbele wasikie zaidi.

Wakili wa Kampuni akasimama. Alikuwa kijana mpole, na hata alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, mama. Nina swali dogo. Mmefikaje hapa?"

"Kwa lori."

"La nani?"

"La Hersi."

Hersi mwenyewe alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha kiatu cha Nduku kilichozama mchangani. Wakili akamwomba mwenyekiti ruhusa, akageuka. "Ndugu, lori ni lako. Na mafuta ya leo?"

Hersi akavua kofia. Akamtazama Nzilani. Nzilani alijua kwamba mtu huyu angeweza kusema ni yake, na pia kwamba hakuwahi kumsikia akidanganya, hata kuhusu bei ya mbuzi. Hakujua amwombee lipi.

"Ya Kampuni," Hersi akasema.

"Waliolipa nauli ni wangapi?"

"Hakuna. Ni majirani."

Wakili akafungua mswada, akasoma kifungu cha sita polepole, hadi pale panaposema usafiri, hadi pale panaposema jambo lolote la siasa lililo mbele ya wananchi. Kisha akaketi.

Muli akaruka. "Mwenyekiti, hii bado si sheria! Haimfungi mtu!"

"Najua, mheshimiwa," mwenyekiti akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Lakini nikiandika kwamba umma umeunga mkono, na umma wote umeletwa kwa mafuta ya kampuni inayohusika, ripoti yangu itatupwa kortini siku moja. Maoni yaliyokuja na lori hilo siwezi kuyahesabu."

"Na huyu wakili," Nduku akapaza sauti, kiatu mkononi, "yeye amekuja na gari la nani?"

"La Kampuni, mama. Lakini yeye hapingi michango ya Kampuni. Anaiunga mkono."

Ukumbi mzima ukatafuta kosa katika maneno hayo, na hakuna aliyelipata. Maoni yaliyobaki yalikuwa ya wakili na wenye maduka wawili wa jirani waliokuja kwa miguu, nao waliuza saruji, ambayo haijengi bila mchanga. Mswada ukazikwa palepale.

Nje, Hersi alikuwa ameshamwaga mzigo na kurudi. Hakuweza kumtazama mtu usoni. "Mama, ningesema nini?"

"Ulichosema," Nzilani akamjibu.

"Hata mimi leo nilitaka mshinde. Mchanga ukiisha, lori langu litabeba nini?"

Baadhi ya wanawake walisema watatembea. Wakatazama jua, wakatazama viatu, wakatazama barabara inavyoyeyuka mbele. Nduku ndiye aliyepanda kwanza. Lori tupu lilikuwa na kelele kama debe la mawe, na hakuna aliyeimba.

Kwa kuwa lilikuwa likienda kupakia, liliwafikisha mtoni moja kwa moja. Wapakiaji walikuwa wakingoja na sepetu zao, vijana wa hapohapo kijijini, akiwemo mkwe wa Nduku. Walipomwona Nzilani akishuka waliacha kuegemea sepetu, wakasimama wima kwa heshima.

"Pole, mwaitu, tumesikia," mkwe akasema. "Sisi hatutaki kukuharibia shimo lako. Tuonyeshe wewe tuanzie wapi."

Nzilani akatazama huku na huku. Akanyoosha mkono kule chini, mbali, mto unapopinda kuelekea Athi.

"Pale."

Kijana akainamisha kichwa. "Pale tulimaliza Ijumaa, mwaitu."

Akatazama upande wa juu wa mto, penye mkuyu. Pale napo palikuwa mwamba. Vijana walisubiri bila haraka. Hersi akazima injini ili asiwasumbue. Mwishowe Nzilani akaenda mpaka kwenye shimo lake, akainua mitungi yake miwili, mmoja umejaa nusu, akaisogeza kando hatua tano kuwapisha, kisha akafikiri, akaisogeza tena.