Vicheko Vilivyobaki Ukumbini

Kicheko kikishamtoka mtu, ni mali ya nani? Swali hilo lilizuka katika ukumbi wa sinema siku ya Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, na anayesimulia haya bado hana jibu lake.

Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kulihitaji jibu hilo alikuwa akifagia safu ya H. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi, kuwaongoza watu hadi vitini kwa tochi taa zikishazimwa, na kufagia. Kwa hiyo aliitwa Mama Tochi, hata na wale waliojua jina lake. Ukumbi ulikuwa mtupu na projekta ilikuwa imezimwa. Katika kiti cha kumi na mbili, mtu asiyekuwapo alicheka kicheko kifupi, kikavu, kilichoishia kwenye kikohozi.

Mama Tochi aliinua ufagio ili asikisumbue. Alikitambua. Kilikuwa cha kinyozi wa mtaa wa pili, mtu mwenye tabia ya kucheka kabla kichekesho hakijafika, ambaye hakuwa ameonekana pale tangu aanze kulipia filamu za mtandaoni.

"Yule yuko kwake anaangalia," alisema Fundi, mwendesha projekta, akitokeza kichwa kwenye kidirisha cha chumba chake. "Mwili umehama, kicheko hakijapewa taarifa."

"Basi na kikae," alisema Mama Tochi, akaingia safu ya I.

Kabla mwezi haujaisha, vicheko vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, kila kimoja katika kiti alichokipenda mwenyewe. Huko majumbani watu waliketi mbele ya televisheni na simu zao, mabega yakitikisika, vinywa wazi, bila sauti kutoka. Walidhani ni ubora wa filamu, wakapanda daraja la kifurushi. Zahanati iliwashauri wanywe maji. Kampuni iliyowauzia filamu hizo ilipandisha bei mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara ilituma ujumbe wa kuwashukuru kwa uvumilivu wao.

Katika nyumba ya Mama Tochi, aliyenyamaza alikuwa mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Binti wa Mama Tochi alikuwa amemlipia bibi yake kifurushi kwa mapenzi mema, magoti yalipoanza kukataa ngazi za ukumbi. Zamani kicheko cha bibi kilianza puani, kikapasuka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, na majirani wakacheka bila kujua sababu. Sasa kilikuwa katika safu ya C, kiti cha tatu, na yeye alibaki kutikisa mabega.

Kwa vijana, mambo yaliishia hapo. Kwa wazee, sauti nyingine zilifuata kicheko. Mzee mmoja wa jirani alipoteza kicheko, kisha chafya, kisha mlio wa kandambili zake, na mwishowe maneno yote. Aliposhtuka akaita, mkewe hakusikia kitu. Mama yake Mama Tochi alikuwa ameshapoteza chafya na kandambili. Asubuhi moja aliomba chumvi, na ilibidi binti ainamishe sikio hadi mdomoni pake.

Dawa ilijulikana kwa bahati. Umeme ulikatika mtaa wa pili, kinyozi akakosa la kufanya, akaja ukumbini jioni ambayo watazamaji walitosha, akakaa kiti chake. Filamu ilipofika katikati alicheka kwa kinywa chake mwenyewe, na kicheko kikarudi naye nyumbani. Ikawa wazi kwamba kilichohitajika ni mwenyewe, kiti chake na filamu inayoonyeshwa. Tatizo lilikuwa sharti la ukumbi, lililopakwa rangi ukutani tangu ulipojengwa: projekta haiwashwi kwa watazamaji pungufu ya kumi.

Mama Tochi alitaka kuwasaidia watu. Kwa siku mbili alipita kiti kwa kiti akisikiliza, akaandika jina la mwenye kila kicheko, akachora ramani ya viti kwa rula na kuibandika mlangoni. Ilikuwa kazi safi. Watu walikuja, wakatafuta majina yao, wakaridhika, wakaondoka.

"Njoo basi leo jioni," alimwambia jirani yake.

"Leo? Nimeshalipia mpaka mwisho wa mwezi, shoga. Niache hela yangu ilale bure?"

"Kicheko chako kiko pale kinakungoja."

"Kitangoja. Kina kiti."

Siku ya tatu alikuja wakala wa kampuni, kijana mwenye viatu safi na salamu ndefu. Alisifu mwandiko, akaipiga picha ramani kutoka juu hadi chini, akashukuru. Kesho yake kila aliyetajwa alipata ujumbe: *Ndugu mteja, kicheko chako kimepatikana. Jiunge na Kifurushi cha Sauti ukipokee nyumbani kwako.* Vicheko vingekusanywa Ijumaa, saa sita kamili mchana. Mwenye ukumbi, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi, alikuwa amekwisha kukubali.

Binti alisoma mkataba kwenye simu, akiwa amesimama katikati ya sebule.

"Ukurasa wa arobaini na moja, mama. Sauti yoyote itokanayo na filamu za kampuni ni ya kampuni. Nilibonyeza 'nakubali'."

"Ulisoma kwanza?"

"Mama, nani anasoma?"

"Na mwezi ukiisha kama hatujalipa?"

Binti alipitisha kidole kwenye kioo. "Kicheko kinarudi kwao. Na sauti zilizokifuata, vilevile."

Bibi aliyasikia yote hayo kutoka kwenye kochi. Alisema jambo, lakini halikufika.

Alhamisi yote Mama Tochi alibisha milango. Wengine walijibu kwamba kifurushi kipya ni nafuu ukigawa kwa siku. Wengine waliahidi kuja, kwa sauti ya watu wasiokuja. Ijumaa saa nne asubuhi, binti na kinyozi walimbeba bibi juu ya kiti cha jikoni, ngazi kumi na nane, wakamkalisha C tatu. Mke wa kinyozi alikuja na sweta. Wateja wa zamani wanne waliketi mmoja mmoja, mbalimbali, kama watu wanaosubiri majibu hospitalini.

Fundi alihesabu kupitia kidirisha chake.

"Wanane."

"Nihesabu na mimi," alisema Mama Tochi.

"Wewe ni wa kazini, dada. Huhesabiwi."

Saa nne na nusu yule jirani aliyelipia mpaka mwisho wa mwezi aliingia akihema, akasema amekuja tu kuona kama wengine wamekuja, akakaa kiti cha karibu na mlango, si chake.

"Tisa," alisema Fundi.

"Fundi, yule ni mama yangu. Leo asubuhi ameniita mara tatu sikumsikia."

"Nami namwona. Lakini hii taa ndiyo ya mwisho, na haitengenezwi tena popote. Nikivunja sharti kwa ajili ya tisa, kesho nitaombwa kwa ajili ya wawili, na keshokutwa hakuna taa."

Hakuwa mkatili. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama Tochi alisimama mlangoni akitazama barabara, na barabara ilikuwa na mbwa mmoja.

Saa tano kasoro dakika kumi lori liliegeshwa nje. Wabebaji wawili walibaki ndani yake na magunia yao ya sufi. Wakala aliingia peke yake kabla ya wakati, akasalimu safu zote, akakaa F ishirini ili ajaze fomu zake juu ya paja.

"Kumi," alisema Fundi, akazima taa za ukumbi.

"Samahani," alisema wakala gizani, "mimi sikuja kutazama."

"Umekaa," alijibu Fundi.

Mama Tochi alimmulika kwa tochi na kumwomba, kwa heshima, azime simu.

Ilikuwa filamu ya mwanamume anayehama nyumba akibeba kabati mgongoni, asijue kwamba mkewe amelala ndani yake. Saa tano na dakika ishirini kabati lilikwama mlangoni. Kinyozi alicheka mapema, kama kawaida yake. Saa tano na nusu wateja wawili wa zamani walipata vyao, mmoja baada ya mwingine. Mabega ya bibi yalitikisika. Sauti haikutoka. Chini yake kiti kilicheka peke yake, naye akakisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nje wabebaji walifungua mlango wa nyuma wa lori. Mama Tochi alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili na hakutazama skrini hata mara moja.

Saa sita kasoro dakika tisa, kabati lilianza kuteremka ngazi lenyewe, na kutoka ndani mke akauliza kama wamefika. Bibi alivuta pumzi. Kicheko kilianzia puani, kikapasuka, kikajaa safu tatu.

"Ee, mwanamke huyu!" alisema kwa sauti yake yote, na kupiga chafya. Hakuna aliyegeuka, kwa kuwa filamu ilikuwa ikiendelea.

Saa sita kamili wabebaji waliingia. Walifanya kazi kwa uangalifu, kiti kwa kiti, wakifunga kila gunia kwa kamba. Vicheko mia mbili na sita vilipelekwa kwenye lori. Vingine vilikuwa tayari vinywani mwa wenyewe. Wakala alifika C tatu akalinganisha na orodha.

"Hiki hakipo."

"Ninacho mimi," alisema bibi.

"Vizuri. Nitaandika kwamba mteja amekwisha kupokea. Malipo ya Kifurushi cha Sauti yataanza tarehe mosi."

"Hatukujiunga," alisema binti.

"Sauti imepokelewa," alisema wakala bila ubaya wowote, akaandika.

Bosi alikuwa ameingia na kusimama kando ya jukwaa. Alieleza kwamba vicheko vipya vitaendelea kuja, kwa kuwa watu wanaendelea kujiunga, na kwamba lori litapita kila Ijumaa. Ukumbi ungekuwa ghala. Mama Tochi angebaki kazini, kwa mshahara ulioongezwa kidogo, kuandaa ramani mpya ya majina kila wiki, maana hakuna mwingine anayewafahamu watu wa mji ule kwa vicheko vyao. Wakala alimpa kalamu.

Mama Tochi alitazama watu waliokuwa bado vitini. Jirani yake alikuwa anasoma ujumbe wa bei kwenye simu, mdomo wazi, kimya. Cha kwake kilikuwa kimeshapakiwa.

"Sitaandika jina la mtu mwingine," aliwaambia wote, na kurudisha kalamu. "Kesho saa kumi nafungua mlango. Anayetaka chake aje akae."