Diski Inasema Nafasi Ipo

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani, kama kila asubuhi. Ndani ya mkoba kuna viatu vipya vya safari, anavitunza. Ofisi yetu inawatafuta watu waliopotezana na ndugu zao, na yeye anamtafuta binti yake tangu mafuriko yalipowatenganisha. Mimi ndiye fundi wa kompyuta. Akiniona nikipita huuliza tu, "Bado?"

Siku hiyo sikupita. Nilikuwa nimeganda mbele ya skrini. Mwanamke mmoja alikuwa amejiandikisha jana kupitia mtandao. Jina la mama yake, sawa. Kovu la moto chini ya sikio, sawa. Nilikuwepo alipoungua, tukiwa watoto.

Namba yake ya simu ilikuwa imefichwa. Ndivyo programu yetu ilivyo. Zamani tuliwahi kumpa mzazi habari njema, kumbukumbu zikafutika kabla hajafika, tukamwacha na furaha isiyo na anwani. Tangu hapo mkuu akaamuru: namba haifunguki mpaka nakala ihifadhiwe kwenye diski ya akiba.

Nikabonyeza. Nakala ikashindikana.

Nikatazama diski: nafasi ipo, tele. Nikabonyeza tena, ikagoma. Nikabadilisha waya, nikazima, nikawasha, nikafuta mafaili yasiyo na kosa lolote. Diski ikazidi kuniambia nafasi ipo, kwa macho makavu. Seva nayo, mashine inayobeba kumbukumbu zetu zote, iliyokuwa ikikoroma tangu jana, ikaanza kukwaruza.

Nikaweka picha moja kwenye diski, nikaifungua. Hakuna kitu. Hapo nikaelewa. Diski ilikuwa feki: kama nyumba ya vyumba viwili, lakini mlangoni wameandika vyumba ishirini. Ilishajaa kitambo, ikabaki kujisifu. Mkuu, ambaye tunamwita Bei Poa akiwa hayupo, aliinunua mwenyewe barabarani.

Nikamfuata ofisini kwake. "Mkuu, naomba unifungulie namba moja tu. Seva inakufa."

"Diski inasemaje?"

"Inasema nafasi ipo. Inadanganya."

"Kama nafasi ipo, hifadhi kwanza," akasema bila kuinua macho. "Utaratibu ni utaratibu."

Nilitamani kumkaba. Nikarudi mbio, nikachomeka flashi yangu na kuanza kunakili. Seva ikakwaruza mara moja zaidi, ikanyamaza. Nikaiwasha, nikaibembeleza, nikaitukana, wapi. Nakala za zamani zilikuwa na watu wa zamani. Huyu wa jana hakuwemo popote.

Nilikaa sakafuni. Huko aliko, binti yule ana simu mkononi, anangoja tumpigie. Atangoja leo, atangoja kesho, kisha ataamua kwamba mama yake alishakufa. Sikuona pa kushika.

Nilipotoka koridoni nilikuwa nimejiandaa kusema "bado", neno alilolizoea. Lakini mama mdogo alinitazama usoni, akasimama.

"Mmempata?"

"Yuko hai, mama," nikasema. Nilishindwa kumnyima hilo.

Alicheka, akalia, akajifuta kwa mtandio. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba namba imepotea. Alikuwa ameshainama, anavua malapa, anavaa vile viatu na kufunga kamba taratibu, moja baada ya nyingine.

"Haya, mwanangu," akasema. "Twende. Ni mbali?"