Lango la Malisho ya Juu

Miaka kumi mfululizo, kila siku ya kupiga ndama chapa, Halvor Tveit alimkabidhi binti yake sindano ya chanjo na kumwambia maneno yaleyale: "Shika, binti yangu. Wewe una mkono mwepesi." Halafu aliwageukia wanaume na kuchagua nani apande farasi arushe kamba ya kunasa ndama. Maren alibaki chini, vumbini, akidunga ndama na kuguna. Mkono mwepesi! Ni mkono huohuo uliowavuta ndama hao matumboni mwa mama zao mwezi Machi, theluji ikifika magotini, na uliokaza waya wa ua kutoka kijitoni hadi mlimani. Lakini kamba, hapana. Katika bonde lile la Montana harushi kamba ila aliyealikwa, na mwaliko hutoka kwa bosi peke yake. Ukijialika, watu watakusimulia mpaka wajukuu zako wazeeke.

Mwaka huu, Maren akiwa na miaka thelathini na miwili, nyonga ya mzee iligoma kabisa kupanda farasi. Ilibidi mtu aongoze kazi badala yake, na bonde zima lilijua kwamba atakayeongoza siku ile ndiye atakayeishika ranchi ya Tveit. Maren akauliza mezani nani ataongoza, viazi bado vinatoa moshi.

"Nampa Emmett Roush," mzee akasema, macho kwenye sahani.

"Emmett ni jirani, Baba. Mimi ni mwanao."

"Emmett ana utulivu. Wewe una moto. Ng'ombe hawapendi moto."

"Na moto huo nimeurithi kwa nani?"

Shangazi Inga, dada wa Halvor, ndiye aliyewapikia hao wawili tangu mama yake Maren afariki, na alikuwa amewachoka wote sawasawa. Akagonga meza kwa kijiko. "Halvor, mpe mtoto nafasi. Ukimnyima, kuanzia kesho kahawa utajichemshia mwenyewe."

Hilo la kahawa lilimwingia. Mzee akatafuna, akafikiri, akatoa sharti lake. Jumamosi, majirani wakifika saa mbili asubuhi, ng'ombe wote mia na ishirini wawe wameshashuka kutoka Malisho ya Juu na kuingia zizini, kila ndama na mama yake. Akiweza, Maren ndiye bosi. Asipoweza, Emmett ataongoza, na ikifika vuli malisho atakodishiwa yeye.

"Nimekubali," Maren akasema kabla mzee hajameza. Moto wenyewe ndio huo.

Kilichouma zaidi ni kwamba Emmett alikuwa amemposa. Vuli iliyopita, wakitengeneza ua wa mpakani, alivua kofia, akasema anampenda, akauliza kama angekubali amwoe. Maren alimpenda pia, tena alimpenda kiasi cha kujikasirikia. Lakini alimjibu, "Siku nitakayokuwa bosi wa kitu changu mwenyewe, uniulize tena. Siwezi kutoka kuwa mkono mwepesi wa baba nikaenda kuwa mkono mwepesi wa mume." Emmett akavaa kofia yake. "Nitangoja," akasema, na wakaendelea kukaza waya. Ndivyo alivyo yule bwana. Ukimmwagia kahawa ya moto mapajani, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Jumamosi kulipopambazuka, Maren alimpanda Juniper, farasi wake jike, akamkuta Emmett anamsubiri chini ya mlima. Siku ya kukusanya ng'ombe jirani huja kusaidia, awe amekuposa au hajakuposa. Hawajafika mbali wakasikia ng'ombe wanalia. Hakuwa mmoja wala wawili, lilikuwa kundi zima, na kwa sauti zilivyokauka walikuwa wamelia muda mrefu.

Katikati ya mlima palikuwa na lango la waya. Mwaka huo Maren alikuwa ameliacha wazi makusudi, kwa sababu chemchemi ya juu ilikuwa imekauka. Ng'ombe walishuka kunywa maji kijitoni, ndama wakabaki juu wamelala majanini na ng'ombe mmoja au wawili wa kuwaangalia, kisha mama wakapanda tena kunyonyesha. Sasa lango lilikuwa limefungwa. Mama walikuwa chini na ndama juu, viwele vimejaa hadi vinachuruzika.

Kanuni pale hufundishwa mtoto kabla hajajua sala: lango ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge. Bonde lile limewahi kusamehe walevi, na limewahi kumsamehe mwizi wa farasi, maana farasi mwenyewe alikuwa na tabia mbaya. Aliyekosea lango bado hajasamehewa hata mmoja.

"Nani?" Maren akafoka. "Nani amefunga lango hili?"

Emmett alikuwa ameshashuka. Akakata kwa kisu kamba iliyofungia lango, akaitia mfukoni, akalivuta lango pembeni. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Mimi. Jana jioni."

"Wewe?"

"Nimekosea."

Maren akamkodolea macho. "Wewe ndiye utakayepewa uongozi nikishindwa. Wewe ndiye utakayekodishiwa malisho. Halafu ni wewe uliyefunga? Emmett Roush, huna hata haya! Na mimi mjinga nilikuwa nakuwazia mema!" Akamwita mwongo, akamwita mbweha, akaongeza maneno mawili ya Kinorwe aliyorithi kwa bibi yake, ambayo shangazi Inga alikuwa amemkataza.

"Umemaliza?" Emmett akauliza.

"Bado!"

"Basi sogea kidogo, mama wanapita."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Njia ya haraka ilikuwepo, ya kuwaswaga ndama kwa farasi na kelele mpaka zizini, na saa mbili wangekuwa wamefika. Lakini Maren aliwajua ng'ombe wake. Ng'ombe aliyepotezana na ndama wake hurudi mahali alipomnyonyesha mara ya mwisho, na ndama naye hurudi papo hapo. Ukiwaswaga kabla hawajakutana, ndama watakuponyoka wakimbilie mlimani, mama watavunja zizi, na utajikuta unapiga chapa ndama usiyejua ni wa nani. Dawa ni moja tu. Waache wapande, watafutane kwa harufu, wanyonyeshe, watulie. Hiyo ni saa nzima na zaidi. Kungoja ni kushindwa.

Akaitazama saa yake. Moyo ulimuuma kweli, aliona miaka kumi ya sindano ikigeuka kuwa ishirini. Kisha akashuka, akakaa juu ya jiwe.

"Tutachelewa," Emmett akasema.

"Saa najua kuisoma."

Ng'ombe namba 214, bibi mmoja mgomvi, aliwanusa ndama watano na kuwapiga teke wanne kabla ya kumpata wake. Kelele zikapungua moja moja. Maren alipoinuka kukaza hatamu za Juniper, akaona kwamba kwa hasira zake alikuwa amekata ukanda wa hatamu unaopita shavuni mwa farasi.

"Nipe ile kamba nifungie hapa," akamwambia Emmett.

"Kamba gani?"

"Uliyoitia mfukoni."

"Imeoza ile."

"Emmett."

Akaitoa shingo upande. Ilikuwa kamba ya rangi ya chungwa, ya kufungia marobota ya nyasi kavu, fundo bado limo. Ncha zake zilikuwa zimetafunwa na kuachwa na alama za meno. Maren akaigeuza mara mbili kiganjani. Halvor Tveit alikatwa kidole gumba cha kulia na kamba ya kurushia miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo hukaza mafundo kwa meno. Bonde zima hakuna mwingine.

"Ni Baba," akasema.

Emmett akakuna shingo. "Jana nilipishana na pikapu yake njiani. Nilipofika hapa nikalikuta lango limefungwa."

"Ukafanya nini?"

"Nililikuta limefungwa, nikaliacha limefungwa. Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma."

Maren akataka kucheka, akashindwa. "Na leo kwa nini ukasema ni wewe? Unajua watu watasemaje? Watasema umenihujumu ili uchukue ranchi."

"Waseme. Mimi nina miaka thelathini na sita, nitakuwa na muda wa kusahaulika. Mzee wa sabini na sita akikosea lango mbele ya bonde zima, Maren, atakufa nalo."

Maren akamtazama mtu huyu aliyemwita mbweha. Alitamani kumkumbatia, na alitamani kumpiga ngumi kwa kumnyamazia. "Maneno ya Kinorwe nayafuta," akasema. "Ya Kiingereza, nitafikiria."

Walifika zizini saa nne kasoro robo. Majirani walikuwa wameketi nyuma ya pikapu zao, keki ya shangazi Inga imebaki makombo. Mzee Halvor alisimama karibu na moto wa chapa, ameegemea fimbo, na kofia yake ya heshima kichwani.

"Sharti lilikuwa saa mbili," akasema kwa sauti.

"Ndiyo, Baba. Nimechelewa."

"Sababu?"

Kamba ilikuwa mfukoni mwa Maren. Angeitoa tu, kila mtu pale angelijua fundo lile, na sharti lingevunjika hapohapo. Akautazama mkono wa baba yake juu ya fimbo, ule wa vidole vinne. Akaona hawezi, na hakujuta.

"Mama na ndama walikuwa wamepotezana. Nimewangoja wakutane."

"Walipotezanaje?"

"Nilifunga lango la Malisho ya Juu, mzee," Emmett akadakia. "Kosa langu."

"Lango!" akapayuka Dorrance, jirani wa upande wa kaskazini. "We kijana, mama yako hakukufunza? Leo hushiki kamba, utaosha masufuria!"

Watu wakaguna. Mzee akageuka kulitazama zizi. Kila ndama alikuwa ubavuni mwa mama yake, na hakuna aliyelia. Kwa miaka hamsini hajawahi kuona zizi limetulia vile siku ya chapa. Akavua kofia.

"Emmett, nyamaza. Uongo huuwezi." Kisha akawageukia majirani. "Lango nimelifunga mimi. Miaka arobaini lango lile hufungwa mwezi Juni. Jana nikalikuta wazi, nikasema mwanangu amesahau. Nililikuta wazi nikalifunga. Mimi, Halvor Tveit."

Hakuna aliyecheka, hata Dorrance.

"Na nilisema huyu ana moto," mzee akaendelea. "Mimi ningewaswaga. Yeye amekaa akangoja, na alijua kungoja kunamgharimu nini. Bosi ni Maren. Aliye na neno aniambie mimi." Akavaa kofia. "Bosi, nipangie kazi."

Maren akashika hatamu za Juniper.

"Emmett, panda farasi. Unarusha kamba pamoja nami. Na kama una swali la zamani, uliza upesi, chuma kinaungua."

Emmett akawa mwekundu mpaka masikioni. "Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Sasa usiniaibishe."

Kamba ya kwanza ya Emmett ilimkosa ndama kwa hatua nzima, ikaangusha kofia ya Dorrance. Bonde zima likacheka, na shangazi Inga akacheka huku akilia kwenye aproni.

Maren akaliendea sanduku la dawa, akaitoa sindano, akaijaza, akaiweka katika mkono wa kushoto wa baba yake, ule wenye vidole vyote.

"Shika, Baba. Wewe una mkono mwepesi."

Mzee akaitazama sindano. "Miaka mingapi nilikwambia hivyo?"

"Kumi," Maren akasema, akapanda farasi.