Namba ya Wifi

Miezi kumi na moja Fundi alikuwa amekwama katika ule mji wa mpakani, akishona kwenye kibaraza cha gesti. Wapangaji wenzake wote walikuwa wasafiri wanaongoja namba zao ziitwe wavuke mpaka, na kila aliyeitwa alimletea nguo ya kuvukia: suruali ya kupunguza kiuno, gauni la kubadilisha zipu. Aliwashonea, akawasindikiza, akarudi kwenye cherehani. Mumewe alikuwa ng'ambo ya mpaka, mwaka wa tatu sasa.

Wapangaji hao hakuwaonea wivu. Wivu ulianza alipofika wifi yake, dada mdogo wa mumewe, msusi asiyejua kunyamaza. Tangu hapo kila mara mumewe alipopiga simu, nusu ya maongezi yaliishia kwa dada mtu, wakichekea mambo ya utotoni ambayo Fundi hakuyajua.

Asubuhi moja Fundi alikwenda kwenye geti la mpaka kusoma orodha mpya ya walioitwa. Namba ya wifi ilikuwamo, mstari wa nne. Wiki sita tu tangu afike! Yake aliitafuta juu hadi chini, mara tatu. Wapi! Na asiyeripoti kabla ya saa sita mchana angerudishwa mwisho wa foleni.

"Vipi wifi, tumo?" msusi aliuliza alipomwona anarudi.

"Hatumo."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Akakanyaga cherehani kwa hasira hadi uzi ukakatika. Akilini alimwona wifi kule ng'ambo akimpakulia mumewe chakula, akimpigia soga sebuleni. Acha naye aonje kungoja, alijiambia.

Wifi akavuta kigoda, akachukua shati la mteja na kuanza kushona vifungo. "Afadhali. Mimi nataka tuitwe pamoja. Nikitokea peke yangu, kaka atanisalimia huku anachungulia nyuma yangu. Nitaficha wapi uso?"

Miguu ya Fundi ikasimama. Ilikuwa saa tano na robo.

"Umo," alisema. "Nimekudanganya. Mwisho saa sita."

Wifi alimkazia macho, kisha akaliweka shati chini.

"Nisaidie kufunga begi. Matusi nitakutukana njiani."

Na kweli alimtukana, tangu gesti hadi getini, begi wamelishika huku na huku, wote wawili wakihema. Mlinzi alikuwa ameshashika komeo. Wifi akapenya, hata kuaga hakuaga.

Jioni mume alipiga. "Dada kafika. Anasema usingemkimbiza, angechelewa."

Nyuma ya sauti ya mumewe Fundi alimsikia wifi akicheka, sufuria zikigongana, na wivu ukamrudia, mkali kuliko wa asubuhi.

"Mwambie asikujazie chumvi," alisema.

Wiki tano baadaye naye aliitwa. Upande wa pili aliwakuta wamesimama, kaka na dada, na hakujua aanze kumkumbatia nani.