Nchi ya Nusu

Mwenye hatia naye hulala, tena hukoroma. Hizza Shemkai, fundi redio wa Korogwe, alijilaza sebuleni baada ya sala ya alasiri, siku ambayo hakustahili hata kusinzia. Kwa miezi miwili alikuwa akikusanya tambi za karabai za zamani, zile zenye madini yatoayo mionzi, akizichoma na kuhifadhi majivu kwenye chupa, apate kujaribia kidude alichokiunda mwenyewe cha kupimia mionzi. Alitaka siku moja watu waseme, huyu si fundi tu, huyu ni mtaalamu. Asubuhi ile chupa ilianguka ikavunjika hapo hapo sebuleni, anapotambaa binti yake Rukia wa miezi tisa. Hizza akafagia, akatimua vumbi jingi kuliko alilozoa, na mkewe Mwanahawa alipouliza ni nini, akajibu kuwa ni majivu tu ya utambi wa taa. Uongo haukuwa, na ukweli haukutimia. Akajiliwaza kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili, na kwa liwazo hilo usingizi ukamchukua.

Ndotoni akajikuta ndani ya nyumba ndefu isiyo na dirisha, majivu yakidondoka kutoka darini taratibu kama unga kwenye mashine ya kusaga. Mwisho wa nyumba palikuwa na mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo alimsikia Rukia akikohoa. Hizza akaanza kuuendea mbio. Pembeni yake alikimbia Udadisi, bwana mchangamfu mwenye nyusi zilizojaa majivu, akimsimulia mambo ya ajabu ya mawe na miale, na Hizza alipomlaumu kwa kumleta huku, Udadisi alishangaa kwa dhati. Alisema yeye kazi yake ni kuuliza tu. Akaongeza kuwa Tahadhari alibisha hodi mara tatu, na ni Hizza mwenyewe aliyemjibu kuwa hayupo. Mkono mmoja wa Hizza ulikuwa umeshikwa na Siri, kiganja laini cha mtu mpole, ila kila walivyokwenda kilizidi kubana. Walikimbia mpaka pumzi zikakatika, na mlango ukawa karibu, kisha karibu zaidi, lakini haukufikika.

Ndipo akamwona mwanamke amekaa kitako ukutani, amejifunga kanga isiyo na jina, haina hata fumbo moja pindoni. Huyu alikuwa Ukweli. Hizza alimwamkia kwa adabu akamwomba amwonyeshe njia, kwani mtoto wake alikuwa upande wa pili na kikohozi chake hakikupendeza.

"Hii ni Nchi ya Nusu, baba," alisema Ukweli bila haraka. "Humu wanakaa waliosema nusu. Kila hatua unayopiga inakula nusu ya njia iliyobaki, halafu nusu ya hiyo nusu, na nusu haina mwisho. Hata hayo madini yako hupungua hivyo hivyo. Wajukuu wa wajukuu zako watazikwa, yenyewe yapo."

"Sasa nitatokaje?"

"Mlango huu haufikiwi kwa miguu. Aliye ndani ndiye humfungulia aliye nje, na hafungui mpaka asikie yote."

Hizza akafungua kinywa kumwita mkewe, na neno lililotoka lilikuwa lile lile, ni majivu tu. Siri alikuwa amekwisha kumziba mdomo kwa upole mkubwa. Akajua wakati huo kwamba hakuogopa mionzi hata kidogo; aliogopa uso wa Mwanahawa akishasikia. Aibu ikamchoma, akalia machozi yenye majivu. Rukia akakohoa tena, na Hizza akauuma ule mkono laini mpaka mfupani.

Akazinduka. Jua lilikuwa bado lipo. Mwanahawa alikuwa anatandika mkeka sakafuni, pale pale, amlishe mtoto uji. Kumbe mlango wa ndotoni ni mkewe huyo, alikuwa mbele yake tangu asubuhi akimsubiri aseme.

"Mama Rukia, mwinue mtoto tutoke nje," alisema. "Yale majivu yana mionzi. Nimeyachoma humu ndani miezi miwili, nikakuficha. Leo yamemwagika hapo anapotambaa."

Mwanahawa alimkumbatia mtoto akatoka, asigeuke nyuma mpaka walipofika uani.

"Ameyavuta?"

"Sijui."

Alimtazama mumewe, na uso ule ulikuwa mbaya kuliko alivyouogopa. "Twende hospitali," alisema. "Haya uliyoniambia utamwambia daktari, na usipunguze hata neno."

Rukia, asiyejua lolote, alimnyooshea baba yake mikono yote miwili ili abebwe. Hizza alitazama vidole vyake vilivyozoa majivu, akarudi nyuma hatua moja.