Namba Nyuma ya Amplifaya

Mueni alimtambua Clifford kabla hajashuka kwenye tuktuk. Walikuwa hawajaonana miaka miwili, lakini lile bega la kulia alilolipandisha kidogo, kana kwamba amevaa gitaa hata asipokuwa nalo, hangelisahau.

Siku hizo Mueni alikuwa na kibanda Changamwe, kando ya barabara ya malori yanayoteremka Kipevu, akitengeneza redio za madereva na kuunda maboksi ya spika. Zamani alikuwa fundi wa vyombo wa kanisa lao kule Mkomani, na Clifford ndiye aliyekuwa mpiga gitaa mkuu. Siku moja, kwenye mkutano wa hadhara wa kanisa, amplifaya ya Clifford iliungua katikati ya wimbo. Clifford alishika maikrofoni akawaambia watu waliojaa uwanja mzima kwamba Mueni ametia vipuri bandia na kuiba vile halisi. Mueni alijaribu kujieleza, hakupewa nafasi. Mamake, Rosalia, aliyekuwa akiongoza kwaya ya akina mama, alivua sare yake jioni ile asiivae tena. Wateja nao wakapungua mmoja mmoja, mpaka Mueni akahama.

Sasa Clifford alikuwa amesimama mbele yake, na Nguma, mpiga ngoma wake, akiwa nyuma. Spika zake zilikuwa zimepasuka, Jumamosi mchana bendi ilikuwa inapiga kwenye ukumbi mmoja Likoni, na kila aliyemwuliza alimwelekeza hapa. Ya Mkomani hakuyagusa. Aliuliza tu kama kuna boksi la kukodi.

Lilikuwako moja. Mueni alilitoa, akalipangusa vumbi, kisha akaomba aione amplifaya yenyewe. Walikuwa nayo kwenye tuktuk. Ilikuwa ile ile iliyoungua Mkomani, ya zamani inayotumia valvu za kioo, imetiwa transfoma nyingine. Nyuma yake palikuwa na swichi ndogo yenye namba tatu: nne, nane na kumi na sita. Namba hiyo sharti ilingane na ya boksi la spika. Zikipishana mbali na sauti ikapandishwa sana, transfoma inaweza kuungua. Swichi ilikuwa kwenye nne. Boksi la Mueni lilikuwa la kumi na sita.

Kidole chake kilikuwa karibu kuigusa. Angeigeuza hapo hapo, mambo yangeishia hapo. Akaondoa mkono.

"Bwana Clifford," alisema taratibu, akihakikisha Nguma anasikia, "boksi hili ni la kumi na sita. Kabla hujawasha, peleka swichi kwenye kumi na sita. Usipofanya hivyo utaiunguza."

"Nilikuwa napiga gitaa kabla hujajua kushika bisibisi," Clifford alimjibu. "Spika ni spika."

Mueni alichukua rangi nyeupe akaandika 16 kubwa mgongoni mwa boksi, akawasaidia kulipakia. Alijua hataigeuza. Mtu huyo alikuwa hajawahi kumsikiliza fundi yeyote, seuze yeye.

Jumamosi Mueni alivuka feri, akaketi safu ya pili. Nyimbo mbili zilikwenda vizuri, gitaa nene na tamu, hata akaanza kuhofia kwamba kuna aliyeigeuza swichi. Katika wimbo wa tatu Clifford alipandisha sauti hadi mwisho. Gitaa lilikwaruza, likafifia, likanyamaza. Moshi mwembamba ulipanda, na harufu ya waya ulioungua ikamfikia Mueni. Aliivuta ndani kama mtu anayenusa pilau.

Clifford alimwona. Akashika maikrofoni, akawaambia watu kwamba fundi aliyemharibia Mkomani ndiye huyo tena.

Nguma aliweka vijiti vyake chini. Alikuja mbele, akaligeuza boksi ukumbi uione namba, kisha akainama akasoma swichi kwa sauti: nne.

"Alikuambia, nami nikisikia," alisema. "Na Mkomani uliunganisha spika vibaya wewe mwenyewe. Niliona."

Watu wakaanza kuguna. Furaha ya Mueni iliingia doa hapo, kwani Nguma alikuwa ameona, na kwa miaka miwili alifumba mdomo. Alimtazama mpaka Nguma akaangalia chini.

Jumatatu Clifford alileta amplifaya kibandani. Alikuwa ameulizia kila mahali, akaambiwa transfoma mpya za aina ile hazipatikani tena, na hakuna anayezisuka upya ila Mueni. Mueni alimwambia kwanza akalisafishe jina lake pale alipolichafua, ndipo wazungumze.

Jumapili iliyofuata, mbele ya kanisa zima kule Mkomani, Clifford alikiri kwamba kosa lilikuwa lake. Sauti yake ilikuwa ndogo, mchungaji akamwomba arudie. Rosalia, aliyeketi kando ya bintiye, alimtazama bila kupepesa macho, akaitikia "amina" peke yake.

Kesho yake Clifford alirudi na amplifaya begani, akamkumbusha Mueni kwamba waliahidiana kuzungumza.

"Ndiyo tunazungumza," Mueni alisema. "Sitaitengeneza."

Clifford alingoja. Mueni akavuta redio ya dereva mmoja, akaifungua, akaanza kazi. Alipoinua kichwa, Clifford alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara, mzigo begani, anasubiri malori yapite.