Kompyuta ya Marehemu Shehe

Mstari mwekundu wa saba ulipotokea kwenye kioo, Haroub aliacha kuhesabu. Kompyuta ilikuwa inawaka, hilo halina ubishi, lakini kila huduma iliyotakiwa kuamka pamoja nayo ilikuwa inaanguka: ya sauti imeshindwa, ya picha imeshindwa, na nyingine, na nyingine. Mwisho mashine ikasimama kwenye weusi mtupu.

"Imeamka?" aliuliza Bi Ummkulthum, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Bado, mama. Inajaribu."

Ijaribu nini! Ilikuwa imekufa imesimama.

Hii ilikuwa siku ya tatu Haroub anakuja hapa mtaa wa Jadida na mkoba wake wa bisibisi, maana bibi hakukubali kompyuta itoke nje ya nyumba. Ilikuwa ya mumewe, Shehe Abdulnasir, aliyesomesha chuo cha Kurani miaka arubaini. Mwaka wake wa mwisho, kifua kilipomzidi, alijirekodi akisoma msahafu mzima. Miezi minane sasa tangu azikwe, na kila siku baada ya adhuhuri mjane wake huwasha, hufungua Yasini, akakaa akimsikiliza mpaka alasiri. Picha yake hana hata moja. Shehe hakupenda picha. Sauti ndiyo iliyobaki, na ilikuwa mle ndani tu, si kwingine.

Mle ndani tu kwa sababu ya nani? Haroub alilijua jibu, na lilimchoma. Ni yeye aliyesema, "Shehe, n'takutilia nakala kwenye flashi, Sikukuu ikipita." Sikukuu ikapita, ikaja nyingine, na Shehe naye akaenda zake. Ile flashi ilikuwa bado mkobani, haijatolewa kwenye karatasi yake.

Aliingia ndani ya mashine kwa njia yake ya dharura, akaiamuru imtajie zilizoanguka na sababu zake. Huduma hizi hungojana. Moja ikikwama, zilizo nyuma yake zote hukwama. Kwa hiyo hakuhangaika na ile ya sauti. Alisoma kurudi nyuma, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwa aliyeanza: diski ya pili, ile ya mafaili ya Shehe, imekataa kufunguka. Wengine wote walikuwa wanamngojea yeye tu.

Akaandika amri ya kuikarabati. Diski ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Asilimia kumi. Kumi na moja. Ikaganda hapo.

Kwa kungoja akafungua daftari la mashine, inamojiandikia mambo yake yenyewe. Imezimika ghafla. Imezimika ghafla. Siku kwa siku, miezi minane, na kila mara ni alasiri.

"Mama, umeme wenu hukatika alasiri?"

"Haukatiki. Kwani?"

"Basi weye huizima vipi?"

Bi Ummkulthum alinyoosha kidole kwenye soketi ya ukutani. "Nachomoa. Mwadhini akitia tu Allahu akbar, mie nachomoa. Hiyo njia yenu ya kubonyezabonyeza ndefu, mpaka inyamaze mwadhini keshafika mbali. Na Shehe alinambia mwenyewe: Kulthum, ikiadhiniwa, sauti yoyote inyamazishwe, hata hii yangu."

Haroub akaelewa: kuchomoa huku ndiko kulikoiumiza diski. Kuizima mashine kwa utaratibu alimfundisha Shehe. Bibi hakumfundisha. Hakumfikiria hata kidogo.

"Kwani vibaya, mwanangu?"

Alimtazama, na uongo ukamtoka wenyewe. "La, mama. Diski tu imezeeka."

Diski ikagonga mara mbili ndani ya boksi, kisha ikanyamaza. Alirudia amri. Akaifungua mashine, akabadilisha waya, akapuliza vumbi, akarudia tena akisoma Bismillahi. Kimya. Mwisho, kwa kuwa hakuwa na la kufanya tena, aliiondoa ile diski kwenye orodha ya kuwashia ili huduma nyingine zisiingojee, akawasha upya.

Mistari yote ikaja ya kijani. Picha ikatokea, na kile kikengele cha kuwaka kikalia.

"Alhamdulillahi!" Bi Ummkulthum alisimama, ushungi ukimteleza. "Imeamka! Weye fundi, wallahi! Haya, nifungulie Yasini."

Alibonyeza. Folda ilikuwa tupu.

"Mama," alisema. "Mashine imepona. Sauti ya Shehe haikupona."

"Haikupona vipi na mlio nimeusikia?"

"Ule mlio wa mashine."

Bibi alikikaribia kioo, akakiangalia kwa muda. "Tafuta huko chini chini. Yeye alikuwa mtu wa kuweka vitu chini."

"Nimetafuta."

"Tafuta tena, mwanangu."

Akatafuta tena. Alifungua mahali palepale alipojua hapana kitu, akafunga, akafungua. Alitaka kumwambia habari ya flashi, akashindwa.

Msikiti wa mtaani ukakwaruza spika yake. Allahu akbar, Allahu akbar. Haroub aliinua mkono amzuie, kisha akauacha ushuke. Kulikuwa na nini tena cha kukinga? Bi Ummkulthum alikuwa keshainama ukutani, keshachomoa. Kioo kikazimika. Alibaki amechutama palepale, waya mkononi, midomo yake ikimwitikia mwadhini neno kwa neno.